Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mabenki na Kampuni za Simu: Mteja Aliyetapeliwa Asiachiwe Mzigo Peke Yake

Kwa: Wakurugenzi wa mabenki na kampuni za simu, Tanzania na Kenya

Nakala: Benki Kuu ya Tanzania, Benki Kuu ya Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya

Yah: Utapeli unaopitia udhaifu wa kibinadamu, na wajibu wa taasisi

Wizi mwingi wa fedha unaofanyika leo kwa njia ya simu na kompyuta hauvunji mtambo wowote. Mwizi humtafuta mtu mwenye ruhusa ya kuingia, humweleza jambo linaloingia akilini, na mtu huyo humfungulia mwenyewe. Wataalamu wa TEHAMA huuita uhandisi wa kijamii; mitaani Dar es Salaam na Nairobi unajulikana kwa jina la siku zote, utapeli. Kazi hii haidai elimu ya kompyuta. Inadai sauti ya kuaminika, taarifa mbili tatu za kweli kuhusu anayepigiwa, na bahati ya kumkuta akiwa na haraka. Katika ripoti yake ya mwaka 2024 kuhusu uvujaji wa data duniani, kampuni ya Verizon ya Marekani ilikuta kwamba asilimia 68 ya matukio ya uvujaji iliyoyachambua yalihusisha binadamu asiye na nia mbaya, yaani mtu aliyekosea au aliyedanganywa.

Kwa walioandikiwa barua hii habari hiyo si ngeni. Onyo la kutompa mtu yeyote namba ya siri limejaa redioni, kwenye mabango na kwenye ujumbe mfupi. Tatizo liko katika matumizi ya onyo hilo. Mteja anapofika dirishani kueleza kwamba akaunti yake imekombwa, tangazo lile lile hugeuka kuwa hukumu: alionywa, akatoa namba mwenyewe, jalada limefungwa. Mwalimu aliyekuwa akiweka ada ya watoto, mama lishe mwenye mtaji wake wote kwenye simu, mzee aliyepokea kiinua mgongo juzi, wote hurudi nyumbani na jibu hilo moja. Jibu hilo linaumiza, na kwa upande wa ulinzi halina msaada wowote, kwa sababu linauacha mfumo kama ulivyokuwa kabla ya wizi.

Udhaifu unaotumiwa na matapeli umechunguzwa kwa miaka takriban 60. Mwaka 1966 daktari wa magonjwa ya akili Charles Hofling na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika wodi 22 za hospitali nchini Marekani. Muuguzi aliyekuwa zamu jioni alipigiwa simu na mtu asiyemfahamu, aliyejitambulisha kuwa daktari. Alitakiwa ampe mgonjwa fulani miligramu 20 za dawa iitwayo Astroten. Mpigaji alisema yuko njiani, atafika baada ya dakika 10, na atasaini karatasi akifika. Dawa hiyo ilibuniwa kwa ajili ya jaribio tu, na vidonge vilikuwa sukari tupu. Lebo ilieleza wazi kwamba kiwango cha juu ni miligramu 10. Kanuni za hospitali zilikataza kupokea maagizo ya dawa kwa simu, na dawa yenyewe haikuwamo katika orodha iliyoidhinishwa wodini. Kati ya wauguzi 22, wauguzi 21 walichukua dawa na kuanza kwenda kwa mgonjwa, hadi walipozuiwa na mtafiti aliyekuwa akiwangoja. Wauguzi wengine 12 waliulizwa kwa maandishi wangefanya nini wakikutwa na hali hiyo. 10 walisema wasingetoa dawa. Wanafunzi wa uuguzi 21 waliulizwa swali hilo hilo, na wote walisema wasingetoa.

Wauguzi wale hawakuwa wajinga wala wazembe. Hospitali ilikuwa na kanuni moja kwenye karatasi na desturi nyingine wodini, na desturi ilikuwa kwamba daktari akisema hutiiwa, karatasi zitafuata. Aliyepiga simu alitumia desturi. Ndiyo sababu majibu ya mtu aliyekaa kwenye semina, akiwa na kikombe cha chai mkononi, hayawezi kutumika kukadiria atakachofanya akiwa na foleni mbele yake na simu sikioni.

Tarehe 15 Julai 2020 jambo la namna hiyo lilitokea ndani ya kampuni ya Twitter. Wafanyakazi walikuwa wakifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya UVIKO-19, na mtandao wa kuwaunganisha na ofisi ulikuwa ukisumbua mara kwa mara. Vijana wachache waliwapigia simu wakijifanya watu wa kitengo cha TEHAMA wanaoshughulikia tatizo hilo, wakawaelekeza kwenye ukurasa uliofanana na wa kampuni. Mfanyakazi alipoandika nywila pale, mwizi naye aliiandika wakati huo huo kwenye ukurasa halisi. Ombi la uthibitisho lilipofika kwenye simu ya mfanyakazi, alilikubali, kwa kuwa ni kweli alikuwa akijaribu kuingia. Baadhi ya waliopigiwa walishtuka na kutoa taarifa. Ilitosha wachache waamini. Akaunti 130 zililengwa, zikiwemo za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na Elon Musk, na watu walioamini matangazo yaliyowekwa humo walituma bitcoin zenye thamani ya zaidi ya dola 118,000. Aliyetajwa kuwa kinara alikuwa na umri wa miaka 17. Idara ya Huduma za Fedha ya Jimbo la New York ilipochunguza, ilibaini kwamba tangu Desemba 2019 kampuni ilikuwa imekaa bila mkuu wa usalama wa taarifa.

Wafanyakazi wa kampuni ya teknolojia, wenye mshahara mnono na mafunzo ya kila mwaka, walinaswa kwa simu ya kawaida. Ni vigumu kuelewa kwa nini mkulima wa Ifakara au muuza samaki wa Kisumu atarajiwe kuwashinda.

Nchini Tanzania ujumbe wa kitapeli unaofahamika kuliko wote ni mfupi: “Ile hela itume kwenye namba hii,” kisha namba, kisha jina litakalotokea. Watu wengi hushangaa kwamba unafanya kazi. Aliyeutuma hamjui aliyeupokea, hajui kama ana deni, wala hajui jina la mwenye nyumba wake. Anachojua ni kwamba mwisho wa mwezi maelfu ya watu wako mbioni kulipa kodi, kutuma ada, kumalizia bei ya pikipiki au kupeleka matumizi kijijini. Ujumbe ukitawanywa kwa namba za kutosha, lazima utamfikia mtu ambaye dakika tano zilizopita ameongea na mwenye nyumba wake na kumwahidi, “Nakutumia sasa hivi.” Kwa mtu huyo ujumbe haufanani na ulaghai hata kidogo. Ni mwendelezo wa mazungumzo yake. Hata kinga ya jina la mpokeaji kuonekana kabla ya kuthibitisha muamala imeshaingizwa ndani ya ulaghai: jina limetajwa mapema, na mtumaji anapoliona likitokea kama alivyoambiwa, wasiwasi wa mwisho unamtoka.

Njia nyingine hutumia wema. Simu inapokea ujumbe ulioandikwa kwa mtindo ule ule wa miamala: namba ya kumbukumbu, kiasi, jina la mtumaji, salio jipya. Dakika moja baadaye mama mwenye sauti ya kulia anapiga. Fedha ya dawa ya mtoto imekwenda kwa namba isiyo yake, yuko hospitali, anaomba kwa jina la Mungu irudishwe. Anayesoma ujumbe kwa utulivu ataona umetoka kwenye namba ya kawaida na kwamba salio lake halijabadilika. Lakini salio huonekana baada ya kufungua menyu na kuandika namba ya siri, wakati ujumbe uko tayari mbele ya macho na mama analia sikioni. Watu wa ukanda huu wamelelewa kurudisha kisicho chao na kumsaidia mgonjwa. Utapeli huu unawanasa wale wenye malezi bora.

Mbaya zaidi ni wizi unaopitia laini yenyewe, kwa kuwa huko mteja anaweza asikosee chochote. Mtapeli hukusanya jina kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, kisha hujifanya mwenye laini aliyepoteza simu. Pale ambapo kampuni huuliza namba zilizopigwa karibuni, yeye huwa ameshampigia mlengwa mara kadhaa na kukata, ili mlengwa arudishe simu na namba hizo ziingie kwenye kumbukumbu. Laini mpya ikiwashwa, ya mwenyewe huzima. Mwenye simu hudhani mtandao umesumbua. Wakati huo namba za uthibitisho za benki yake zinaingia kwenye mkono mwingine.

Tanzania ilijaribu kuziba mwanya huo kwa kusajili laini zote kwa alama za vidole, na Januari 2020 ukawa ukomo wa laini ambazo hazijasajiliwa hivyo. Hatua ilikuwa nzuri, lakini ilimweka katikati binadamu mwingine. Chini ya mwavuli wa wakala mteja huambiwa, “Haijasoma, weka tena.” Huweka tena, na tena. Kidole cha kwanza kimesajili laini yake. Cha pili huenda kimesajili laini nyingine ambayo hataiona kamwe, na ambayo siku moja itapokea fedha za wizi kwa jina lake. TCRA ilitambua hatari hiyo na kuwawezesha wananchi kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Hata hapo kazi ya kukagua ameachiwa mteja, ambaye ni lazima kwanza ajue kwamba menyu hiyo ipo. Mfumo unaosajili laini unajua papo hapo kwamba kitambulisho kina laini nyingine. Ungeweza kutuma ujumbe kwenye laini hizo zote kabla ya mpya kuwashwa, na kungoja jibu.

Katika mambo haya kuna jambo ambalo taasisi hazipendi kulisikia: zenyewe ndizo zinazowazoesha wateja kutii. Mfanyakazi halali wa benki hupiga simu kwa namba ambayo mteja haijui, hujitaja jina, kisha huanza kuuliza tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho “kwa ajili ya uhakiki.” Anayehakikiwa ni mteja, mpigaji hahakikiwi na mtu. Mwaka mzima mteja hufundishwa hivyo, halafu hulaumiwa siku anapompa majibu yale yale mtu mwenye sauti ile ile. Kampuni hutuma matangazo ya bahati nasibu na mikopo yenye viungo vya kubonyeza, kisha huonya kwamba viungo visibonyezwe. Wakala wa fedha humsaidia bibi asiyesoma kwa kumwomba ataje namba yake ya siri kwa sauti, na hakuna anayemwonyesha bibi huyo njia nyingine ya kupata fedha zake.

Taarifa ambazo mtapeli anazihitaji nazo zimezagaa kwa sababu ya taratibu za kiofisi. Kwenye milango ya majengo mengi ya Nairobi mlinzi huandika kwenye daftari jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya kila anayeingia, na daftari hubaki wazi juu ya meza. Anayefuata kwenye foleni anaweza kusoma ukurasa mzima akingoja zamu yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Madaftari hayo hayajaisikia habari ya sheria hizo. Maadamu namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa vinapatikana kwa urahisi namna hiyo, kuvitumia kama uthibitisho wa mtu ni kujidanganya.

Wafanyakazi wa ndani nao ni binadamu, na kisa cha Benki Kuu ya Bangladesh kinastahili kusomwa na kila bodi ya benki. Mwaka 2015 wafanyakazi wa benki hiyo walipokea barua pepe za mtu aliyejifanya mwomba kazi, zikiwa na wasifu wake. Kuufungua wasifu wa mwomba kazi ni adabu ya kawaida ya ofisi, na kwa kufunguliwa kwake wezi walipata njia ya kuingia. Walikaa ndani mwaka mzima wakijifunza. Usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari 2016, walituma maagizo 35 ya malipo yenye jumla ya dola milioni 951 kwenda Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York. Siku haikuchaguliwa ovyo. Ijumaa Bangladesh hupumzika. Jumamosi na Jumapili New York hufunga. Jumatatu tarehe 8 ilikuwa Mwaka Mpya wa Kichina, na benki za Manila, fedha zilikoelekezwa, zilikuwa mapumzikoni. Mashine iliyokuwa ikichapa taarifa za miamala Dhaka ilikuwa imezimwa na wezi, na wafanyakazi wakadhani ni hitilafu kama za siku nyingine. Dola milioni 81 ziliishia Ufilipino. Nyingine milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu wezi walikosea herufi za jina la mpokeaji, na karani mmoja akatia shaka.

Miaka minane baadaye mbinu imepata sura na sauti. Mapema mwaka 2024 mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alialikwa kwenye kikao cha video na mkuu wake wa fedha pamoja na wenzake. Alikuwa ametilia shaka barua pepe ya mwaliko, lakini alipowaona na kuwasikia shaka ikamwisha. Wote waliokuwa kwenye kioo walikuwa picha zilizotengenezwa kwa kompyuta. Alituma fedha mara 15, jumla ya dola za Hong Kong milioni 200. Ushauri wa kumtaka mteja asikilize sauti kwa makini umepitwa na wakati.

Kwa kawaida jibu la taasisi baada ya tukio ni mafunzo zaidi. Hapa ushahidi ni mgumu kumeza. Watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15, wakiwatumia barua pepe za kitapeli za majaribio. Mafunzo yaliyotolewa papo hapo kwa walionaswa hayakuwaimarisha, na wengine yaliwafanya wanaswe kwa urahisi zaidi. Utafiti mwingine, uliofanyika katika hospitali za Chuo Kikuu cha California, San Diego, na kuchapishwa mwaka 2025, uliwahusu wafanyakazi 19,500 kwa miezi minane. Tofauti kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa ilikuwa asilimia 1.7. Matokeo hayo hayasemi kwamba watu wasielimishwe. Yanasema kwamba taasisi inayotegemea elimu peke yake haijajilinda, na bodi isiyojua hilo inatumia bajeti vibaya.

Utafiti wa Zurich ulionyesha pia jambo la kutia moyo. Wafanyakazi walipopewa kitufe rahisi cha kuripoti barua inayotia shaka, waliripoti kwa haraka na kwa usahihi wa kutosha kuiwezesha kampuni kuzuia barua hizo kabla hazijawafikia wengi. Binadamu wale wale wanaohesabiwa kuwa kasoro waligeuka kuwa walinzi, kwa sababu walipewa kazi nyepesi na wakasikilizwa. Anne Adams na Angela Sasse, watafiti wa London, walilieleza jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1999 katika makala yao yenye jina lisemalo kwamba watumiaji si adui: watu hukiuka masharti ya nywila pale masharti yanapowazuia kufanya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza kwamba nywila zibadilishwe kila baada ya muda fulani. Ofisi nyingi za Afrika Mashariki bado zinawalazimisha wafanyakazi kubadili kila miezi mitatu, na vikaratasi vyenye nywila bado viko chini ya kibodi.

Ulinzi unaofaa ni ule unaobaki imara hata mtu akishadanganywa. Kwa wafanyakazi, upo tayari. Google iliwapa watumishi wake, zaidi ya 85,000, funguo ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta, ambazo hazijibu ukurasa wa bandia hata kama aliyeketi mbele yake ameuamini. Mwaka 2018 kampuni ilieleza kwamba tangu utaratibu huo uanze mapema mwaka 2017 hakuna akaunti ya kazi iliyothibitika kutekwa kwa njia hiyo. Kwa maagizo ya malipo makubwa, kanuni ni moja na haina gharama: anayepokea agizo hukata simu, kisha hupiga mwenyewe kwa namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu kabla ya siku hiyo. Kanuni hiyo itaishi pale tu ambapo mkurugenzi mwenyewe, akipiga simu akiwa na haraka ya kweli, atakatiwa na kupigiwa upya, kisha karani aliyemkatia asifokewe. Karani akifokewa mara moja, kanuni imekufa.

Kwa wateja, mabadiliko yanayodaiwa yako ndani ya uwezo wa walioandikiwa barua hii. Taasisi ipige kwa namba moja inayojulikana na isiulize chochote cha siri. Ikiwa na jambo, imtake mteja apige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi au kwenye menyu ya simu. Ujumbe wa taasisi usiwe na kiungo. Laini inaporudishwa au kubadilishwa, namba za uthibitisho za benki zisifike kwenye laini hiyo kwa saa kadhaa, na benki ipewe taarifa na kampuni ya simu bila kungoja mteja alalamike. Fedha nyingi zinapotumwa kwa mara ya kwanza kwa namba ambayo mteja hajawahi kuitumia, muamala ungoje kidogo. Haraka ndiyo silaha kuu ya tapeli, na dakika 30 za subira humnyang'anya silaha hiyo. Wafanyabiashara watanung'unika, na manung'uniko yao yana msingi. Ndiyo maana kiwango cha kungojewa kinapaswa kuwekwa juu ya mauzo ya kawaida ya duka, na mteja aruhusiwe kuorodhesha mapema watu anaowatumia kila mara.

Hayo yote yanajulikana kwa wataalamu wa taasisi hizo hizo. Hayatekelezwi kwa kuwa gharama ya kutoyatekeleza hailipwi na wanaoamua. Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilionyesha hilo kwa mfano wa mashine za kutolea fedha. Marekani, mteja alipokana muamala, benki ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha kwamba anadanganya. Uingereza, benki zilidai kwamba mitambo yao haikosei, na mzigo ukabaki kwa mteja. Mtu angetarajia benki za Uingereza zinufaike. Zilizembea, kwa kuwa makosa hayakuwa yakizigharimu, na utapeli ukastawi kwao.

Uingereza hiyo hiyo sasa imebadili mwelekeo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 watoa huduma za malipo wanatakiwa kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma fedha kwa mkono wake mwenyewe, hadi pauni 85,000. Gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Mgawanyo huo ndio wenye maana zaidi kwa Afrika Mashariki, kwa sababu fedha iliyoibwa lazima itue mahali, na mahali hapo ni laini au akaunti iliyosajiliwa na taasisi fulani kupitia wakala wake. Taasisi ikijua kwamba laini iliyosajiliwa kwa kidole cha wizi itaigharimu nusu ya hasara, itawachunga mawakala wake bila kusubiri kuhimizwa.

Hoja ya kupinga hufahamika: wateja watazembea, na wajanja watajifanya wametapeliwa. Kanuni za Uingereza zililitazama hilo. Mteja aliyezembea kupita kiasi halipwi, isipokuwa awe mtu aliye katika hali dhaifu, na taasisi inaruhusiwa kukata hadi pauni 100 katika kila dai. Kiwango kwa Tanzania na Kenya kitakuwa kingine, na kwa fedha za simu kinaweza kuanza chini sana. Muamala wa shilingi laki mbili, ambao kwa taasisi ni vumbi, kwa familia nyingi ni muhula wa shule.

Limebaki suala la saa ya kwanza. Fedha ya wizi hukaa kwenye laini ya kwanza kwa dakika chache tu kabla ya kugawanywa na kutolewa kwa mawakala. Nchini Tanzania namba 15040 hupokea taarifa za ujumbe na namba za kitapeli, na inafaa kwa kazi hiyo. Anayeona fedha zake zikiondoka anahitaji namba fupi moja, ya mitandao yote na mabenki yote, inayopokewa usiku na mchana na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha fedha hizo zilipo, hata kama zimeshavuka kwenda mtandao mwingine, huku uchunguzi ukifuata. Anayepokea simu hiyo asianze kwa kuuliza kwa nini mteja alitoa namba ya siri. Aibu ndiyo inayowafanya wengi wakae kimya siku mbili, na katika siku hizo mbili fedha huwa zimeshaondoka. TCRA hutoa takwimu za majaribio ya ulaghai. Benki Kuu za nchi zote mbili ziongeze juu yake, kila robo mwaka na kwa jina la kila taasisi, idadi ya wateja walioibiwa, kiasi kilichopotea, kiasi kilichozuiwa ndani ya saa ya kwanza, na kiasi kilichorudishwa kwa wenyewe.